Maalumu Ipi?

Jumatatu, 10 Februari 2025

Leo naanza. Mwalimu Winfrida ametufundisha kwamba shajara ni mahali ambapo mtu husema yote, hata yale ambayo yakisomwa na wengine atatamani ardhi ipasuke. Basi mimi Ikupa, binti Ambilikile, wa darasa la sita, naahidi kusema yote. Hata ya kunifanya nichapwe.

Habari kubwa. Asubuhi mstarini Mwalimu Mkuu alitangaza kwamba shule yetu itaanzisha Darasa Maalumu la Vipaji. Watakaoingia watafundishwa mapema kabla ya kengele, na tena Jumamosi. Hesabu za juu, Kiingereza cha juu. Mwakani wakimaliza la saba, watachaguliwa kwenda zile sekondari za watoto wenye vipaji. Mchujo ni Alhamisi ya wiki ijayo. Ijumaa hii wazazi wataitwa kulijadili. Na mtoto ambaye mzazi wake mmoja anakataa, hafanyi mchujo.

Nilisimama mstarini nikitetemeka. Si baridi, ingawa ukungu ulikuwa umefika hadi kwenye mlingoti wa bendera. Nalitaka darasa hilo kuliko kitu chochote. Hizo hesabu za juu sijui hata zinafananaje. Nazitaka hivyo hivyo.

Lightness akageuka kunitazama. Akasema nisijisumbue, maana nyumbani kwetu hakuna mtu wa mambo hayo. Baba yake ni Bwana Fulgence, afisa mifugo, aliyehamishiwa huku kutoka Kigoma. Nadhani Bwana Fulgence angependa hata ng'ombe wafanye mchujo.

Jioni, vita. Mama anauza parachichi sokoni Tukuyu. Alisema hilo la vipaji ni jambo jema, kwani hata parachichi hupangwa: za kwenda ng'ambo huku, za kukamulia mafuta kule. Baba ana shamba la chai Kawetele. Alisema kama ni kupangwa, yeye ndiye anayejua. Kwenye kituo cha kununulia chai wanataka majani mawili na chipukizi, na yasiyotakiwa yanamwagwa chini mbele ya watu. Hawezi kumpeleka mtoto wake mahali ambapo watoto wa wenzake wanamwagwa chini. Mama akauliza kama ni afadhali wamwagwe wote. Baba akaweka kikombe mezani kwa nguvu. Mama akakiondoa.

Sasa hawasemeshani. Mjumbe ni mimi. Mwambie baba yako chakula tayari. Mwambie mama yako nimekiona. Wamekaa benchi moja!


Jumanne, 11 Februari

Mpango wa kwanza. Baba humsikiliza mtu mmoja tu duniani, naye ni mama yake. Kwa hiyo nimekwenda kwa Bibi.

Nilimkuta jikoni anamenya ndizi. Mvua ilikuwa inapiga bati, ikabidi nipaze sauti. Nikamwambia anisaidie, nataka kuingia maalumu na naogopa Baba atakataa. Bibi akaacha kumenya. Akanishika uso, akachungulia sikio moja, akanigeuza, akachungulia la pili. Akamwita Kyala, yaani Mungu wa mbinguni, kwa Kinyakyusa. Akasema alijua tu. Juzi ameniita nikachote maji, akaniita tena, sikuitika.

(Nilisikia. Nilikuwa kwenye ukurasa mtamu.)

Kisha akapasha mafuta, akaniinamisha, akanitilia tone la vuguvugu sikioni. Sikuelewa mafuta yanahusianaje na hesabu za juu. Lakini wazee wana njia zao. Nikatulia nisimwage.

Mama alipokwenda mazoezi ya kwaya, Baba akaniita. Macho yake yalikuwa mekundu. Akaongea kwa sauti kubwa mno, kama vile mimi niko ng'ambo ya mto.

"Mwanangu. Kama ni maalumu, baba yako hana neno."

Kisha akasema Mama asiambiwe kwanza, asije akalia.

Amekubali! Mafuta ya Bibi yasidharauliwe. Ila kuna mambo mawili siyaelewi. Kwa nini Mama alie, naye ndiye aliyetaka? Na kwa nini Baba anapiga kelele?


Jumatano, 12 Februari

Doreen amenieleza. Doreen ni mwenzangu wa dawati, na karibu kila ninachojua kuhusu watu nimekipata kwake. Kwanza alicheka mpaka kiranja akamwandika mpiga kelele.

Kumbe hivi. Shule yetu ina maalumu yake tangu zamani. Ni Kitengo Maalumu, vile vyumba viwili chini ya misonobari, ambako Mwalimu Yona anawafundisha wenzetu viziwi kwa lugha ya alama. Mtu wa hapa akisikia neno maalumu, anafikiria huko. Lile jambo la Mwalimu Mkuu, nyumbani kwetu linaitwa vipaji. Bibi hakusikia vipaji. Bibi alisikia maalumu, akakumbuka maji ambayo sikuchota, akampelekea Baba habari.

Baba anadhani masikio yangu yanakufa.

Nilikata shauri kwenda kumwambia ukweli mara moja. Shauri hilo lilidumu hadi mapumziko. Ndipo nikatafakari. Baba hakuuliza maalumu ipi. Mimi sikusema maalumu ipi. Hakuna aliyedanganya. Ijumaa atasimama mbele ya wazazi wote aseme anakubali maalumu, naye atakuwa amekubali. Nitamweleza baadaye, akiwa na furaha.

Mpango wa pili, basi: nisisikie vizuri hadi Ijumaa jioni. Kidogo tu. Sikio la kushoto.

Jioni. Ni kazi ngumu! Mama alisema mwambie baba yako tochi imekwisha betri. Nikasema, eee? Akarudia. Nikasema, eee? Akarudia kwa sauti ya sokoni. Baba, aliyekuwa palepale, akasema amesikia. Mama akasema hakuwa anaongea naye. Baba akasema hata yeye hakuwa anaongea naye. Tangu Jumatatu hawajazungumza maneno mengi hivyo.

Mama anasema nimeanza jeuri ya kukua.


Alhamisi, 13 Februari

Baba alinisindikiza hadi kwa Mwalimu Yona. Alipoanza kueleza, sauti ikakatika, akajifanya anakohoa. Niliangalia viatu vyangu.

Mwalimu Yona ni mrefu na mikono yake haitulii. Akanizunguka akaja nyuma yangu. Ghafla, kishindo! Funguo zimeanguka sakafuni. Sikugeuka. Sikutikisa hata shingo. Nilijivunia sana. Kisha, kwa kuwa nimelelewa vizuri, nikageuka nikaziokota, nikampa kwa mikono miwili.

Mwalimu Yona akazitazama funguo. Akanitazama mimi. Akamwambia Baba kwamba ni kweli mtoto huyu ana tatizo, ila inabidi lijulikane ni lipi. Nikakae Kitengo siku chache wanichunguze. Tena Jumatano ijayo daktari wa masikio atakuja hospitali, basi anipeleke.

Baba akasema ndaga fijo mara nyingi, kama kwamba asante ya Kiswahili isingetosha.

Jumatano ni hospitali. Alhamisi ni mchujo. Havigongani. Mambo yananyooka.


Ijumaa, 14 Februari

Siku ndefu. Nitasema yote.

Asubuhi nimeketi Kitengo. Nilidhani kutakuwa kimya. Sauti ni chache, lakini ubishi unazidi wa darasa letu. Wanabishana kwa mikono, kwa nyusi, kwa mabega. Nimekaa na Tusekile, ambaye ni wa umri wangu na ana mwandiko mzuri kuliko wangu. Huku kila mtu ana jina la alama, naye akanipa langu: kidole sikioni, kisha kope moja inafumba. Wote wakacheka. Nadhani ni jina la heshima.

Mvua ikaja. Darasani kwetu, mvua ikipiga bati, Mwalimu Winfrida hukunja mikono na sisi sote tunangoja iishe. Na hapa Tukuyu mvua haina haraka. Mwalimu Yona hata hakutazama juu. Aliendelea na sehemu na desimali mpaka akafika mahali ambapo sisi hatujafika. Tusekile akamaliza maswali yake, akanionea huruma, akanionyesha njia ya kufanya yangu. Nilishangaa. Kumbe kila mvua wao wanasonga mbele.

Mchana, mkutano. Mimi na Doreen tulisimama chini ya dirisha la darasa la saba, ambamo wazazi walikuwa wamebanana kwenye madawati ya watoto.

Bwana Fulgence alianza. Alisema mwenye mbio asifungwe kamba na mwenye kujikokota. Mama Doreen, anayeuza mboga Msasani ya hapa Tukuyu, akauliza kama mwalimu atakayefundisha chipukizi alfajiri ndiye huyo huyo atakayekuja kusinzia mchana darasani kwa mtoto wake. Watu wakacheka. Mwalimu wa taaluma hakucheka. Mzazi mmoja akasema watoto wetu wanaitwa makapi. Mwingine akasema huo ni wivu. Mtu akamwambia Bwana Fulgence kwamba watoto si mitamba. Naye akajibu kwamba mitamba hutunzwa vizuri zaidi. Mwenyekiti akagonga meza kwa kifutio, vumbi la chaki likawaingia watu wa mbele.

Ndipo Baba akasimama. Alivua kofia.

"Mimi nilikuwa mpingaji," akasema. "Sasa mtoto wangu mwenyewe amefika huko. Nasema hivi: watoto wa maalumu wapewe walimu wa kutosha. Wapewe vitabu. Na bati lao lisivuje."

Bwana Fulgence akapiga makofi, kisha akasita kidogo kwenye bati. Mama Doreen naye akapiga makofi! Mwalimu Mkuu akanyanyuka.

"Mzee Ambilikile, unasema maalumu ipi?"

Nikamfinya Doreen mkono.

"Maalumu ni maalumu, Mwalimu," Baba akasema. "Tusiwabague."

Chumba kizima makofi. Kila mtu alikuwa anapigia jambo lake. Mwenyekiti, ambaye alikuwa anatazama mawingu, akafunga kwa haraka: darasa lianzishwe, na watoto wa maalumu zote waruhusiwe kufanya mchujo. Doreen akaniuliza hapo kimepitishwa nini. Sikujua.

Jioni Mama amepika mbalaga, ndizi na nyama kabisa, ingawa si sikukuu. Alimwambia Baba, mdomo kwa sikio, kwamba leo amemheshimisha. Anadhani Baba amelegeza kamba kwa ajili yake. Baba anadhani Mama ameshajua habari za masikio yangu na amejikaza kiume. Wanashukuriana kwa vitu viwili tofauti, na wote wawili wanatabasamu.

Nilikuwa nimepanga kueleza ukweli leo. Lakini nani ataharibu mbalaga?


Jumanne, 18 Februari

Bado niko Kitengo. Nilitaka kurudi darasani kwetu jana, lakini kila asubuhi Baba ananisindikiza hadi mlangoni na kumsalimia Mwalimu Yona kwa kofia mkononi. Nifanyeje? Doreen hayupo, wamekwenda Kisiba kwenye harusi ya shangazi yake. Hakuna wa kumuuliza.

Leo mvua ya ajabu. Katikati yake Mwalimu Mkuu alikuja mlangoni, amelowa, akamwambia Mwalimu Yona jambo sikioni, akakimbia kwenda darasa jingine. Bati lilivuma kiasi kwamba nami kwa mara ya kwanza nilikuwa kiziwi kweli. Mwalimu Yona akatugeukia, akatueleza kwa mikono. Darasa likachangamka. Tusekile akapiga meza kwa furaha. Mwalimu akanitazama mimi na kuinua nyusi, maana yake, umeelewa?

Nikaitikia kwa kichwa. Ningesema nini? Niko Kitengo cha viziwi, niseme sijui lugha yao?

Wakati wa kutoka, Lightness alinikimbilia langoni akaanza kusema kitu, ana haraka, kesho hivi, kesho vile. Nikamwonyesha sikio langu kwa kidole, nikatikisa kichwa kwa huzuni, nikapita. Ilikuwa raha sana kutomsikia.

Nimechonga penseli mbili za Alhamisi.


Jumatano, 19 Februari

Hospitali. Daktari alinivisha vitu masikioni, nikaambiwa ninyooshe mkono nikisikia mlio. Sikunyoosha. Akanivua. Akasimama nyuma yangu, akanong'ona kwamba nina buibui begani.

Niliruka mpaka nikampiga Baba kichwa cha kidevu.

Daktari akamwambia Baba kwamba masikio haya yanasikia hata ambayo hayajasemwa. Kama kuna shida, huenda iko katikati, kati ya sikio na sikio.

Tukarudi kwa miguu. Tulipofika kwenye mashamba ya chai Baba akasimama. Akaketi ukingoni mwa njia. Akauliza kwa nini. Nikamwambia yote: maalumu, mafuta, funguo, mbalaga. Nililia, na machozi yalikuwa ya kweli. Nilingoja kuchapwa.

Baba akachuma jani, akalizungusha vidoleni.

"Mimi nilikuwa Mkondo B, wa waliochujwa," akasema. "Mvua ikinyesha, mwalimu wetu alikuwa anatuacha, anakwenda kukaa Mkondo A. Ndiyo maana nilikataa."

Sikujua. Hajawahi kunieleza.

"Lakini ungeniambia tu, mama. Ningekataa. Halafu ningefikiri. Halafu ningekubali. Mimi ndivyo nilivyo."

Akasema kesho nikafanye mchujo wangu, yeye anaruhusu, na sasa anajua anaruhusu nini. Ila nimuahidi jambo moja: nikitaka kitu, nikitaje kwa jina lake lote, bila kukifupisha. Nimeahidi. Nimeahidi kwa moyo wote. Nilitembea nyumbani mwepesi kama unyoya. Baba mwenyewe amemweleza Mama. Mama amecheka, kisha ameniamuru nioshe sufuria zote.

Kesho! Hatimaye!


Alhamisi, 20 Februari

Nilifika shuleni kabla ya mfagiaji wa zamu. Nikakaa mbele ya mlango wa chumba cha mchujo na penseli zangu mbili. Hakuna aliyekuja.

Mchujo ulikuwa jana.

Uliletwa mbele siku moja, kwa kuwa leo walimu wana semina. Hilo ndilo alilolisema Mwalimu Mkuu ndani ya mvua. Nikakimbia kwa Mwalimu Yona. Akanitazama kwa upole. Akasema alinieleza, nami nikaitikia. Akarudia zile alama polepole. Mtihani. Kesho. Asubuhi. Kumbe ni rahisi. Katika chumba kizima, mwenye masikio nilikuwa peke yangu, na ndimi peke yangu niliyekosa habari.

Nilimuuliza pia maana ya lile jina langu, kidole sikioni na kope moja. Akasema ni "Husikia Anapotaka". Walijua tangu siku ya kwanza.

Lightness akaja akasema, si nilikukimbilia kukuambia? Hata hakunicheka. Hilo liliniuma zaidi.


Ijumaa, 21 Februari

Majina yamesomwa mstarini. Mwalimu Yona alikuwa anatafsiri kwa mikono kwa wenzetu wa Kitengo. Jina la kwanza kabisa: Tusekile! Watoto wa Kitengo wakainua mikono juu wakaitikisa, ndivyo wanavyopiga makofi. Nami nikaitikisa yangu mpaka mikono ya sweta ikateremka hadi kwenye viwiko. Nilifurahi kweli. Penseli zangu mbili bado zilikuwa mfukoni, lakini nilifurahi. Lightness ameingia, karibu na mwisho wa orodha. Bwana Fulgence hajafurahi.

Mwisho Mwalimu Mkuu akasema imebaki nafasi moja. Jumatatu kutakuwa na mtihani wa marudio, lakini ni kwa mwanafunzi aliyekosa kwa sababu maalumu tu.

Maalumu!

Nimerudi nyumbani mbio. Baba amesema jambo ni jepesi. Jumatatu twende wote wawili kwa Mwalimu Mkuu, tumwambie kwamba siku ya mchujo nilikuwa hospitali, basi. Baba ni mtu mwema, lakini hajui mambo ya shule. Daktari alisema mimi ni mzima. Kwenda hospitali ukiwa mzima si sababu maalumu. Ni sababu ya kawaida kabisa, tena ya aibu. Pia nikianza kuieleza itabidi nieleze buibui, na funguo, na kabla sijafika kwenye mbalaga nafasi itakuwa imechukuliwa.

Nimeahidi kutaja kitu kwa jina lake lote. Nitataja. Kitu chenyewe ni mguu.

Sijasema nimevunjika. Sitasema chochote. Nitachechemea tu, na wao wataamua wenyewe ni sababu gani. Nimejaribu kutoka jikoni hadi mlangoni, na imependeza. Bibi ameniona. Anapasha mafuta.

Sasa wewe shajara, nimekuambia yote kama nilivyoahidi, nawe hujanisaidia hata mara moja. Nijibu hili tu, na jibu lifike kabla ya kengele ya Jumatatu: mguu wa kulia, au wa kushoto?